Betri Mbili za Kando

Kibanda changu kiko Kiusa, ubavuni mwa duka la mabati.
Mlima ukiamua kujitokeza, unauona kati ya nyaya mbili za umeme.
Hapa simu huja kufa, chache hufufuka,
na hapa, msinicheke, ndipo linapoketi bunge la Moshi.

Leo hoja ilikuwa chaja.
Ngilisho, dereva wa Noah, ameapa hanunui tena simu
isiyokuja na chaja yake ndani ya boksi:
"Unanunua mbege, kata unaambiwa ukodi!"
Mwalimu Aikande alikuwa na lake, gemu.
Darasa la Sita B, alisema, lina vidole gumba vingi kuliko akili.
Godlisten, mwanafunzi wangu, akajibu bila kuinua macho
kwamba bao nalo ni gemu, wazee wanashinda nalo kutwa,
na hatujasikia wakiitiwa kikao cha wazazi.

Mimi pia nina yangu.
Naichukia betri iliyogundishwa.
Kitu usichoweza kukifungua hujakinunua, umekipanga.
Na yule aliyeziba tundu la hedfoni simwombei mabaya,
ila basi limharibikie Same, usiku,
chaji asilimia mbili, jirani yake anakoroma.

Ndipo akaingia mama mmoja, sweta la kijani, mwavuli kwapani.
Akafungua leso fundo baada ya fundo.
Ndani, gemu la matofali. Lile la kijivu,
vibonye vya njano, vitofali vinavyodondoka,
tulilolipia shilingi ishirini kwa zamu tukiwa na magamba magotini.

Ngilisho akacheka. "Mama, hilo liko bure kwenye simu!
Nikupakulie sasa hivi, lenye rangi."
Mama hakugeuka. Aliniambia mimi:
"Kioo kinafifia. Usitoe betri."

Miaka kumi na tisa kwenye meza hii.
Watu huniambia fungua, futa, badili, rudisha ilivyotoka kiwandani.
Usitoe betri, sijawahi kuambiwa.

"Zikitoka, inasahau."
Pembeni juu ya kioo, hafifu kama risiti ya mwaka jana,
palikuwa na namba: 47,300.
Anaeli aliipata wodini, KCMC, mwezi wa saba.
Manesi walimwambia azime sauti, akazima, akaendelea.
Mpima kahawa. Maisha yake yote alisoma namba za magunia ya watu.
"Hii ilikuwa yake."

Bunge likakaa kimya, Mwalimu akiwemo.

Nikachukua betri mbili mpya, nikazilaza kando,
waya mwekundu, waya mweusi.
Godlisten alishika tochi; mkono wake sijauona ukitulia hivyo.
Nikagusisha solda kwenye vyuma vya ndani, moshi ukanipanda puani,
zile mpya zikaanza kulisha wakati za zamani bado zimo.
Halafu nikachomoa ya kwanza.
47,300.
Ya pili, ilikuwa imeshaanza kutoa ute mweupe.
47,300, nyeusi tii, kana kwamba imeandikwa asubuhi hii.

"Na wewe unacheza?" Mwalimu Aikande aliuliza, sauti imeshuka.
"Kila usiku. Nikifika elfu arobaini
naviacha vitofali vijae."

Nilitaja elfu tatu. Akatoa tano,
akasimama mpaka nikamaliza kumhesabia chenji.
Nyuma yake Ngilisho alijikohoza, akasema
hata hivyo, suala la chaja ni wizi,
na Mwalimu, ajabu, akamuunga mkono.

Nyaya sikuzikata. Nilizitokeza nje kidogo, kwa safari ijayo.
Mama aliziona kabla sijamweleza.
Akaazima kalamu yangu, akafungua kiganja.
"Mwekundu ndio chanya?"
Ndio, nikasema.
Akaandika.